Jino la Njumu

Bwana Shekhan alikuwa na boriti nyingi kuliko busara. Amu nzima ilijua hivyo, ila watu wana haya, hakuna aliyemwambia. Boriti zake zilijaa uani kwake, zikajaa kwa nduguye, zikalazwa pwani hata punda wakakosa pa kupita. Ikabidi atafute pa kuziweka. Akazunguka mji wote, na mwisho wa kuzunguka jicho lake likatua palepale lilipokuwa likitamani siku zote: chumba cha chini cha nyumba ya marehemu Mwana Ummu, mtaa wa Mkomani, wasichana walipokuwa wakisoma chuo cha Kurani.

Nyumba ile ni wakf. Mwana Ummu aliiweka wakf kwa maneno ambayo kila mtoto wa mtaa aliyajua kwa moyo: "Chumba cha chini ni cha chuo cha wasichana, na mwalimu wake ni mwanamke wa kizazi changu, maadamu herufi zinatoka mahali pake". Msimamizi wa wakf alikuwa Bwana Shekhan. Mwalimu alikuwa Bi Alawiya, mjukuu wa Mwana Ummu. Na jino la mbele la Bi Alawiya, la juu, upande wa kulia, lilikuwa limeoza.

Lilianza kwa tundu dogo ubavuni. Akaliziba kwa nta na ubani, kama wafanyavyo watu wote, na kila siku nta ikitoka akatia nyingine. Huku nyuma jino likazidi kuliwa, hata siku moja akitafuna kashata pembe yake ikakatika. Sasa, mtu mwingine akikatika jino hununa siku mbili akasahau. Mwalimu wa Kurani hawezi kusahau. Kuna herufi tatu, tha na dhal na dhaa, ambazo hazitoki mpaka ncha ya ulimi iguse ukingo wa meno ya mbele ya juu. Ukingo ukikosekana, ulimi wapapasa hewa, upepo wapita, na dhal yageuka zai. Maneno yageuka. Mtu aomba hili, kumbe ametaja lile.

Bi Alawiya alidhani analificha. Aliubana mdomo, akaukaza ulimi, akajisikiliza mwenyewe akaona si vibaya. Mpaka asubuhi ile.

Wasichana walikuwa wamekaa mkekani, kila mmoja na ubao wake. Wakafika kwenye neno la dhikri.

"Zikri," wakasema wote.

"Dhikri," akawasahihisha.

"Zikri!" Na safari hii waliitoa kwa mluzi mdogo mwishoni mwa zai, fiii, wote pamoja, vizuri kabisa, wakimtazama usoni kungoja sifa.

Bi Alawiya akahisi uso wake unawaka. Watoto hawakukosea. Watoto ni kasuku, walimfuata mwalimu wao kwa uaminifu wote. Walikuwa wamejifunza jino lake.

Kicheko kikasikika nje. Bwana Shekhan alikuwa amesimama dakani, kwenye kibaraza cha mlango, fimbo mkononi, akipima upana wa ukuta.

"Bi Maalim! Naona siku hizi hata dhikri ina tundu."

"Bwana Shekhan, masikio yako yafanya nini mlangoni kwangu?"

"Yafanya kazi ya wakf. Bibi yako alisema nini? Maadamu herufi zinatoka mahali pake. Sasa zatoka wapi?"

"Zatoka kinywani mwangu, si kwenye boriti zako."

"Haya," akasema, na fimbo yake bado iko ukutani. "Kabla ya Ramadhani nitamleta Maalim Twahir akusikilize. Zikitoka, kaa. Zisipotoka, wasichana wakasome makwao."

"Mlete. Tena usimlete peke yake, walete na wote wanaotaka kusikia."

Alisema hivyo akiwa wima. Bwana Shekhan alipokwenda zake, akakaa chini kwenye mkeka katikati ya wanafunzi wake. Maalim Twahir alikuwa kipofu, na sikio lake lilijulikana kutoka Amu hadi Pate. Msomaji akiteleza herufi moja, hutikisa kichwa kama aliyeumwa na nyuki. Huyo hadanganyiki. Na wavulana wana vyuo vyao kila msikiti, lakini Mkomani nzima hakukuwa na mahali pengine pa wasichana. Makwao wangesoma nini? Wangepeta mchele. Bi Alawiya aliogopa, na kwa kuwa aliogopa, akakasirika.

Mamake, Bi Mwanaarabu, alikuwa na dawa moja tu.

"Ling'oe ino hilo. Ino bovu dawa yake koleo. Mimi sina hata moya, na nyama nala."

"Wewe wala mchuzi, mama. Nyama twala sisi."

"Kwani nakosa nini?"

"Mama, hebu sema dhahabu."

"Zahabu."

"Umeona?"

"Nimeona nini? Si nimesema zahabu?"

Bi Mwanaarabu hakuwa mtu wa kushindwa na mtoto aliyemzaa. Alasiri ileile akamwita Famau, kinyozi wa mtaa wa Langoni, anayenyoa vichwa na kung'oa meno kwa mkono uleule. Famau akaja na koleo lake ndani ya kitambaa, akakaa nje ya pazia.

"Fungua kanwa, Bi. Ni kufumba na kufumbua."

"Famau, ukitia koleo hilo kinywani mwangu nitakung'ata kwa yote yaliyobaki."

"Basi laoza, Bi."

"Lioze langu! Nenda zako, na salamu kwa watoto."

Siku ya pili yake akajifunika buibui, akapita vichochoro vya nyuma mpaka kwa Abdulghafur, mfua dhahabu. Abdulghafur alikuwa ndugu yake wa kunyonya. Mama yake alipougua baada ya kumzaa, Bi Mwanaarabu ndiye aliyemnyonyesha, ziwa moja huyu, ziwa moja Alawiya, kwa hiyo kisheria ni kaka yake na uso wake anauona. Bila maziwa yale mambo yote haya yasingekuwa, maana mwanamume gani mwingine Amu nzima angekubaliwa kutia mkono kinywani mwa Bi Alawiya?

Kazi kubwa ya Abdulghafur ilikuwa njumu. Viti vya enzi na visanduku vya tambuu vilimjia vitupu, vikatoka vimepachikwa pembe na fedha, vipande vimekaa ndani ya mti kana kwamba vilizaliwa humo.

"Nataka zahabu," Bi Alawiya akasema.

Abdulghafur akacheka. Kisha akaona macho ya dada yake, akaacha kucheka.

Akamfungua mdomo, akatazama, akagusa kwa ncha ya sindano. "Hili lafaa. Mzizi ni mzima. Nitalisafisha uozo wote kwa keke ndogo ya kutobolea ushanga. Nitatia nta laini tundu lichukue umbo lake, na pembe iliyokatika niijenge kwa nta hiyohiyo. Nta naitoa, naitia kwenye udongo, namimina dhahabu mahali pake. Kisha naipachika. Ni njumu tu, tofauti yake ni kwamba mti unaongea."

"Na haitavuja?"

"Alawiya, njumu yangu haijapata kutoka."

"Sikuuliza kama itatoka. Nauliza kama itavuja. Nta yangu nayo siku ya kwanza ilikuwa imekaa vizuri, na chini yake uozo ulikuwa ukila kwa raha zake. Maji yakipita pembeni, jino litaoza chini ya dhahabu nami sijui, hata siku moja lidondoke na dhahabu yake."

"Dhahabu safi haidanganyi. Mti nilioupachika uliuona wapi ukavuja?"

"Mti haunywi kahawa, kaka."

Abdulghafur akakunja uso. Hakuna fundi apendaye kuulizwa, seuze na mwanamke, seuze na dada. Lakini alimjua tangu walipokuwa wakigombea ziwa, akajua kwamba hataondoka.

"Wataka nini?"

"Nataka tujaribu kwenye meno yasiyo na mwenyewe. Si dhahabu peke yake. Kila kitu kinachosemwa kwamba chaziba. Kisha tuone kipi chaziba kweli."

Meno yalikuwa kwa Famau. Ni sheria, kiungo kilichotoka mwilini huzikwa, na yeye aliyazika ndani ya chungu cha majivu chini ya ngazi yake. Bi Alawiya alipomtumia habari, akaja mbio mwenyewe, ameshika kiuno.

"Makubwa, haya madogo yana nafuu! Jana wanifukuza nisiling'oe moja, yeo wataka chungu kizima?"

"Nitakurudishia uyazike tena."

"Na usiniulize lipi la nani. Mwenye jino ni siri ya kinyozi."

"Sikuulizi. Lakini hili gego kubwa hivi, Famau, ni la mtu au la punda?"

"Bi Maalim!" Famau akasema, akalifunika lile gego kwa kiganja.

Wakayachagua matano yaliyokuwa na nafasi. Abdulghafur akayatoboa kwa keke, matundu yote sawasawa. La kwanza likatiwa nta na ubani. La pili likatiwa risasi iliyopondwa. La tatu likazibwa kwa unga mweupe wa daktari wa Mombasa, ambao hukorogwa na maji yake makali ukagandamana kama chokaa. La nne likapakwa sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, iliyoyeyushwa motoni na kulainishwa kwa mafuta ya karafuu, tabaka juu ya tabaka mpaka tundu likajaa. La tano akalitia dhahabu, kazi ya siku nzima, akausugua ukingo wake mpaka ukucha haukwami.

"Tazama," akasema. "Waona mahali linapoanzia?"

Kweli hapakuonekana.

Sasa ikawa zamu ya Bi Alawiya. Mizizi yote akaivika nta nene, ili kitu kisipate kuingia kwa nyuma. Akayafunga uzi, akayachovya kwenye kahawa ya moto, kisha kwenye maji baridi ya mtungi, kisha kahawa tena, kisha mtungi tena, maana ndivyo kinywa cha mtu kinavyoishi. Akayakamulia na ndimu. Mwisho akakoroga hina. Mwanamke gani wa Amu haijui hina? Hina haina adabu, ikipata ufa yaingia, na ikiingia haitoki. Akayazika humo, bakuli akalifunika.

Bi Mwanaarabu akapita akafunua. "Subhanallah! Mwafanyia meno harusi?"

"Ndiyo, mama. Twatafuta bwana harusi asiyevuja."

Hina iliposhika, Abdulghafur akayaosha, akachukua msumeno wake mwembamba wa kukatia vidani, akayapasua moja moja katikati, huku dada yake ameinama juu ya mkono wake hata akamzibia mwanga.

La nta lilikuwa jekundu mpaka ndani ya moyo. La risasi lilikuwa jekundu ukingoni na jeusi chini. La unga mweupe lilikuwa na mstari mwekundu kama unywele, na juu ndimu ilikwisha kuula unga ukawa wabonyea. La sandarusi lilikuwa jeupe pe. Jeupe kama nazi! Lakini Abdulghafur alipoikwaruza ile sandarusi kwa mfupa ikamenyeka, akasema hiyo haitafika mwezi kwenye kinywa kinachotafuna.

Akaliacha la dhahabu la mwisho kwa makusudi. Akalipasua taratibu, akiimba chini chini. Likafunguka.

Kuimba kukakoma. Juu dhahabu ilikuwa dhahabu, yang'aa. Chini yake, pande zote mbili, hina ilikuwa imepita ikazunguka ikatanda, nyekundu kama kiganja cha bibi harusi.

"Msumeno umechafua," Abdulghafur akasema.

"Msumeno umechafua hili moja tu?"

"Hina yako nzito mno!"

"Hina ni moja, bakuli moja. Imepita chini, kaka. Dhahabu yapata moto yatanuka, yapata baridi yajikunja, kila ikijikunja yafungua mlango."

Abdulghafur akautupa msumeno, akaenda kusali alasiri, na aliporudi akaketi akimpa dada yake mgongo. Bi Alawiya alimwonea huruma, lakini huruma haikumfunga mdomo.

"Sandarusi yaziba ila haina nguvu. Dhahabu ina nguvu ila haizibi. Si uziweke pamoja?"

"Nipake dhahabu yangu gundi ya masanduku?"

"Nikuulize. Msumari wa jahazi hupigiliwa mkavu?"

Abdulghafur akauokota msumeno, akaanza kuufuta.

"Kaka, nimekuuliza."

"Huvikwa pamba na mafuta ya papa," akasema kwa shingo upande.

"Kwa nini?"

"Kwa nini, kwa nini! Usivuje."

"Haya."

Alichukua muda kukubali. Alipokubali alikubali moja kwa moja, kwa kuwa chini ya kiburi chote kile alikuwa fundi, na fundi hawezi kulala akijua kwamba kazi yake inavuja. Akachukua gego lile kubwa, akalitoboa, akalipaka sandarusi nyembamba ndani, na kabla haijakauka akapachika dhahabu akaikandamiza, iliyozidi ikachuruzika ukingoni akaifuta. Kahawa, mtungi, ndimu, hina. Wakalipasua pamoja, wawili wamelishika. Lilikuwa jeupe kutoka juu mpaka chini. Wakafanya jingine wasije wakawa wamebahatika, na hilo nalo likatoka jeupe.

"Sasa langu," Bi Alawiya akasema, akafungua mdomo.

Keke kinywani si jambo la kusimuliwa mezani. Pamba ya mafuta ya karafuu ilisaidia kidogo, na kidogo si yote. Bi Alawiya alishika mikono ya kiti mpaka vidole vikawa vyeupe. Hakulia. Mama yake ndiye aliyelia kwa niaba yake, tena kwa sauti, hata majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Jua lilipopinda kazi ilikuwa imekwisha, na pembe ya jino iliyokatika ilikuwa imesimama tena, ya dhahabu.

Akanyanyua ulimi. Ukagota.

"Dhahabu," akasema. Akasema tena. "Dhahabu. Dhiki. Dhikri. Thawabu. Adhabu!" Akawa acheka na machozi yanamtoka, na Abdulghafur akageuka kupanga vyombo vyake vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Kosa lake lilikuwa moja, alifurahi mno. Wanawake wa mtaa walikuja kuliona, naye akawa akiwatolea yale meno yaliyopasuliwa, akayapitisha mkono kwa mkono. "Hili la nta, hili la dhahabu tupu, hili kama langu. Mwaona? Hata tone la maji halipiti!" Maneno hayo yakatoka nyumba hii yakaingia nyumba ile, na kabla ya magharibi yalikuwa kwa Bwana Shekhan.

Siku yenyewe chumba kilijaa. Wanawake na wasichana walikaa ndani, nyuma ya pazia. Wanaume walikaa dakani. Maalim Twahir akaketishwa karibu na mlango. Abdulghafur alikuwepo, na Famau pia, ambaye hakualikwa na mtu.

Bi Alawiya akasoma. Mwanzo alisoma kwa kujihadhari, kisha dhal ya kwanza ikaja, ulimi ukagota mahali pake, na woga ukamtoka. Akasoma kwa utulivu, na kila ilipokuja herufi moja katika zile tatu aliipa haki yake. Dakani kichwa cha Maalim Twahir hakikutikisika hata mara moja. Alipomaliza, mzee akasema:

"Herufi zatoka mahali pake."

Wasichana wakapiga vigelegele wasivyoruhusiwa kupiga. Bwana Shekhan akainua fimbo.

"Maalim, bado! Mwanamke huyu ametangaza mji mzima kwamba kwenye jino lake hata tone la maji halipiti. Basi maji ya josho la janaba je? Nimeelezwa na tajiri mmoja wa Bara Hindi, mtu wa elimu, kwamba kinywa kisipoingia maji josho si kamili. Na asiye na josho hashiki Msahafu, seuze kuufundisha!"

Watu wakanong'ona. Hilo lilikuwa zito. Bi Alawiya akasogea mpaka pazia likamgusa uso.

"Bwana Shekhan, wewe ni wa madhehebu ya nani?"

"Shafi. Kama baba yangu na babu yangu."

"Na kwa Shafi, kusukutua wakati wa kuoga ni faradhi au ni sunna?"

Bwana Shekhan akatazama boriti za dari kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Sunna," Maalim Twahir akasema. "Josho latimia bila ya hiyo."

"Basi huyo tajiri aoge kwa madhehebu yake, nasi tuoge kwa yetu."

Famau akacheka kwa puani. Bwana Shekhan akawa mwekundu. "Sawa! Lakini nani amesema maji hayapiti kweli? Huenda yapita! Yakipita jino laoza chini kwa chini, mwakani lidondoke, watoto waharibiwe Kurani mara ya pili!"

"Alaa! Ngoja kwanza. Chagua moja, Bwana. Maji yapita au hayapiti? Yakipita, lile neno lako la josho limekwisha. Yasipopita, jino halitaoza. Huwezi kunihukumu kwa mawili."

Hapo hata wanaume walicheka. Lakini mtu aliyebanwa huweza kusema kweli bila kutaka, na Bwana Shekhan akaisema.

"Nataka ushahidi! Meno ya kwenye chungu mmeyapasua, tumeyasikia. Hilo lililo kinywani mwako je? Nani amelipasua hilo?"

Kicheko kikafa. Abdulghafur akainamisha kichwa, kwa sababu alijua, na Bi Alawiya alijua pia. Jino lililopasuliwa huonyesha ndani yake, ila halitafuni tena. Jino linalotafuna halionyeshi kitu. Kulijua lake kama limeziba kulikuwa na njia moja tu, nayo ni kuling'oa. Hata yeye hakuwa na yakini. Nyuma yake akasikia mtoto mmoja akimwuliza mwenzake kwa mnong'ono, "Tutafukuzwa?"

Neno lile likamrudishia hasira yake, na hasira ikamrudishia ulimi.

"Umesema kweli," akasema. "Ushahidi wa jino lililo hai sina, na hana mtu. Haya, nisikilizeni nyote. Likivuja litaoza, likioza litaanguka. Siku litakapoanguka, Bwana Shekhan, chumba hiki chako, leta boriti zako, mimi mwenyewe nitakufungulia mlango. Lakini litaanguka lenyewe. Koleo haliingii humu, wala hina, wala msumeno."

"Na lisipoanguka?"

"Utangoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka nife! Kwani una haraka ya nini? Boriti haziozi."

Maalim Twahir akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Basi ngoja, Shekhan," akasema, na baraza likavunjika.

Bwana Shekhan akangoja. Alingoja kwa moyo, hilo lazima apewe. Kila Idi alipita dakani, akapiga fimbo mlangoni, hakuuliza hali wala watoto.

"Lipo?"

"Lipo, Bwana."

Na Bi Alawiya, nikwambieni msidhani alilala salama. Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, ulimi wake ulikwenda kuligusa. Mwaka wa kwanza, wa pili. Akimaliza kahawa ya moto hangekunywa maji baridi hata kwa kiu. Wasichana wakahitimu wakaolewa, wakaleta wadogo zao. Bi Mwanaarabu akafa na zahabu yake. Vita vya Wazungu vikaja, meli za kuchukua boriti zikaadimika, boriti za Bwana Shekhan zikajaa mpaka juu ya ukuta wake, naye bado yuangoja. Kisha homa ikamshika, ikamtesa siku chache, ikamchukua.

Wanawe walimwomba Bi Alawiya aje na wasichana wake wasome khitma ya baba yao. Wako waliosema hatakwenda. Alikwenda. Akaketi ndani na mjane na wanawake wa nyumba, akasoma tangu mwanzo bila haraka, na wasichana wakamfuata, na dhal zikatoka zote, za mwalimu na za wanafunzi, safi kama zilivyoteremshwa. Akamwombea marehemu kwa dhati. Hakuwa na kinyongo na mtu aliyekufa.

Wakati wa kuagana mjane akamshika mkono, akawa ataka kusema jambo na aona haya.

"Bi Maalim, usinichukie. Siku zile za homa, hata alipokuwa hamjui mtu tena, alikuwa akiuliza neno moja. Kama lipo. Hatukujua tumjibu nini."

Bi Alawiya akaivuta buibui yake kichwani. Akataka kuondoka kimya, ndiyo adabu ya nyumba ya msiba. Akafika mlangoni, akasimama, akageuka, na dhahabu ikaonekana.

"Mkenda kumzuru kaburini," akasema, "mwambieni lipo."